Sura ya Sita: Goti Lililokataa Kuruka

Daktari wa figo aligonga goti la mgonjwa kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu haukutikisika. Akagonga tena, safari hii kwa hasira kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayowaka taa na hakuna anayefungua. Mguu ukalala vilevile.

"Jana jioni liliruka," alisema. "Tulipomaliza kumsafisha damu kwa mashine, nikagonga, akanipiga teke la tumbo. Nikamshukuru. Leo ndiyo hii. Gogo."

Inspekta alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kando ya kitanda, akikanda kigimbi cha mguu wa pili. Kilikuwa kimemkaza tangu alfajiri na hakikuonyesha dalili ya kuachia.

"Ni sumu ileile?" aliuliza.

"Mimi sisemi sumu. Nasema magnesiamu. Damu yake imejaa tena. Baada ya kusafishwa huwa inapanda kidogo, hilo tunalitegemea. Lakini si hivi. Hivi kuna mtu kaongeza."

"Kaongeza lini?"

"Kati ya jana jioni na asubuhi hii. Mshtakiwa wako yuko wapi?"

"Mahabusu."

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Basi si yeye. Au ana mikono mirefu kuliko ya serikali."

Inspekta akamtazama mgonjwa. Mtu aliyelala pale kitandani, mdomo wazi, macho nusu, mtaani walimwita Madini. Alikuwa mtafiti wa yale madini ambayo mwili unayataka kwa kiasi kidogo, magnesiamu, zinki, shaba na wenzake, na alikuwa amechomoa damu ya nusu ya mji ili ajue nani anayo na nani hana. Walimkuta sakafuni kwenye maabara yake, hasemi, hainui hata kidole. Damu yake ilikuwa imefurika magnesiamu. Kwenye stoo ya maabara, mtungi wa chumvi ya magnesiamu ulikuwa umebaki nusu. Funguo za stoo alikuwa nazo mtu mmoja tu zaidi ya Madini mwenyewe, msaidizi wake, msichana mwembamba ambaye wiki ile ile walikuwa wamegombana kwa sauti mpaka mlinzi akasikia. Kesi ikajipanga yenyewe. Mkuu wa kituo akaita waandishi wa habari, na alasiri hii gari la mahakama lilikuwa linakuja kumchukua msichana kwa shtaka la kujaribu kuua. Akishapanda gari lile, kumshusha ni miezi.

"Nani anaingia chumba hiki?" Inspekta alimgeukia muuguzi.

"Mama yake na mke wake. Kwa zamu. Wakikutana humu ndani mgonjwa ninakuwa mimi."

"Wanamlisha?"

"Mama anakuja na chupa ya chai, anamnywesha kwa kijiko, taratibu, utasema ndege na kinda lake. Mke analeta juisi."

"Mimi si nilisema asipewe kitu cha nje?" daktari alifoka.

"Daktari, hebu na wewe kamzuie mama mtu. Mimi nilimzuia. Akaniuliza kama nilizaliwa au niliokotwa."

Chupa ya chai ilikuwa imerudi nyumbani na mwenyewe. Lakini chupa ya juisi ilikuwa bado kwenye kabati la kitanda. Inspekta akaiinua dirishani. Juu ilikuwa rangi ya machungwa. Chini kabisa, kwenye kitako, kulikuwa kumetuama kitu cheupe kama unga.

"Sajini!"

Sajini alikuwa mlangoni, ameegemea fremu, mtu mzima aliyebakiza muda mfupi tu astaafu na asiyetaka kuumaliza kwa mbio.

"Kaa hapa. Hakuna kitu kuingia mdomoni mwa mtu huyu mpaka daktari aseme. Hata maji."

"Na akija mama yake?"

"Hasa akija mama yake."

"Sawa, afande." Akatazama chini. "Ila huo mguu wako, afande, mke wangu anasema hiyo ni upungufu wa mag..."

"Ukilimalizia hilo neno, utastaafu leo."

Daktari alikuwa tayari anaita watu walete mashine.

*

Mke wa Madini, Mama Pacha kama walivyomwita majirani, alikuwa fundi cherehani na alifanyia kazi sebuleni. Alimfungulia Inspekta akiwa na pini tatu mdomoni na gauni la mteja begani. Inspekta aliiweka chupa ya juisi juu ya meza ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Juzi ulisema hujampa mumeo kitu chochote. Nilikuuliza, ukasema chochote maana yake chochote."

Mama Pacha akatoa pini moja moja. "Juisi ni kitu?"

"Chini kuna nini?"

"Nyama ya chungwa."

"Dada, umeshaona chungwa lenye nyama nyeupe?"

Mguu wa Mama Pacha ulikanyaga pedali, na cherehani ikashona hewa.

"Toa mguu hapo," Inspekta alisema.

"Vidonge," Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa sauti."

"Vidonge! Vya duka la dawa, vinauzwa kwa kila mtu. Nasaga kimoja, natia kwenye juisi. Basi."

"Kimoja tu?"

"Viwili, alipozidi."

Akavuta droo ya cherehani, akasukuma reli za uzi pembeni, akatoa pakiti. Inspekta akaisoma mbele na nyuma. Magnesiamu. Akampigia simu daktari hapo hapo na kumsomea kila kilichoandikwa.

"Kimoja au viwili kwa siku?" sauti ya daktari ilisikika sebule nzima. "Mwambie aache, figo za mumewe ni mbovu, hazina pa kuvipeleka. Lakini havijafanya hivi. Hicho ni kijito, Inspekta. Mimi natafuta mto."

Simu ikakatika. Inspekta akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mguu mbele yake. Hakuna kinachochosha kama kumkamata mwongo ambaye si mhalifu.

"Kwa nini ulificha?"

"Ungeniweka ndani."

"Nimemweka mwenzio ndani!"

"Nilijua mtamwachia."

"Kwa ushahidi upi, dada? Huo ulioufungia kwenye droo?"

Mama Pacha akalikunja gauni la mteja, akalikunjua, akalikunja tena. "Na yeye mwenyewe ningemwambiaje? Mume wangu hapewi dawa. Yeye ndiye anayejua. Hapa mezani hatuli bila somo. Ukichoka, ni magnesiamu. Ukilegea, ni magnesiamu. Ukisinzia mchana, misuli ikikaza, choo kikigoma, magnesiamu, magnesiamu, magnesiamu. Watoto wanaimba kama tebo za kuzidisha. Basi nikamtazama yeye. Amechoka. Amelegea. Anasinzia na kijiko mkononi. Nikamwambia, baba, pima na yako. Akaniambia nisimfundishe kazi."

"Hakuwahi kupima damu yake?"

"Amepima ya kwangu, ya watoto, ya muuza maji, ya mama yake mara hazihesabiki. Ya kwake haina wakati."

"Alipomeza vidonge vyako, alipata nafuu?"

"Alizidi kulegea."

"Ndipo ukaongeza."

"Ndipo nikaongeza," Mama Pacha alisema. Kisha akakatiza maneno, mdomo nusu wazi, akimtazama Inspekta.

Sauti ikatoka uani. "Huyo ni yule askari? Mwambie aje huku, mimi siwezi kuja. Nimeloweka miguu."

*

Mama mzazi wa Madini alikuwa amekaa kwenye kigoda, gauni limepandishwa magotini, miguu miwili iliyovimba imezama kwenye beseni la plastiki. Pembeni yake kulikuwa na kopo la kahawa lisilo na kahawa. Alichota ndani kwa ncha za vidole, akanyunyiza majini, akakoroga kwa kidole gumba cha mguu.

"Umekuja kuniambia kale kasichana kamekiri?" aliuliza. "Mimi nilisema siku ya kwanza. Mtu mwembamba vile, moyo wake utakaa wapi?"

Inspekta alikuwa analitazama kopo. Juzi, siku ya kupekua nyumba, alikuwa amelishika kopo lile kwa mikono yake. Alilifunua, akauliza ni nini, akaambiwa ni chumvi ya miguu, akalifunika. Akalirudisha palepale, kwa adabu, kifuniko kikielekea ukutani kama alivyokikuta.

"Mama," alisema. "Hii chumvi ya miguu unainunua wapi?"

"Sinunui. Ananiletea mwanangu."

"Anaitoa wapi?"

"Kazini kwake. Ina mtungi mkubwa, kaniambia, ukiisha wanaletewa mwingine. Akija huniwekea kwenye mfuko wa nailoni. Miguu imepungua, tazama. Mwezi jana ungedhani ni ya tembo."

Inspekta akafumba macho. Mtungi uliobaki nusu. Msichana alikuwa amesema, siku ile ya kwanza, akiwa na pingu: sijui imekwenda wapi, muulizeni mwenyewe akiamka. Wakamwona mjeuri.

"Mama, juzi nilikuuliza mbele ya sajini kama mwanao analeta kitu chochote kutoka maabara."

"Hukuuliza hivyo. Uliniuliza kama ndani mwangu kuna sumu. Mimi sina sumu. Nina dawa ya miguu."

"Na nilikuuliza kuhusu magnesiamu!"

"Nikakwambia siijui. Naijua? Hiyo ni ya kwenu wenye kusoma. Hii ni chumvi, nyeupe, chungu kama shubiri."

Kuku alipita, akalidonoa kopo, akaondoka.

"Chungu," Inspekta alirudia polepole. "Mama, mtu anayeloweka miguu amejuaje kwamba ni chungu?"

Mama mtu akayatazama maji.

"Nilionja."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama tangawizi itaifunika."

Mama Pacha, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangusha gauni la mteja. "Mama! Umemtilia kwenye chai?"

"Na wewe ukae kimya, unayemnywesha mumeo juisi ya chupa kama mtoto wa shule!"

"Kiasi gani?" Inspekta aliuliza. "Mama, nakuomba. Kiasi gani?"

"Kijiko."

"Kijiko kipi? Nionyeshe."

Mama mtu akaelekeza kidole jikoni. Mama Pacha akaingia jikoni na kurudi na chai yenyewe, ile chupa iliyotoka hospitali, na kijiko kilichokuwa kimelazwa juu yake. Kilikuwa kijiko cha kupakulia, cha kulisha watu kumi.

"Kwa chupa nzima?"

"Asubuhi chupa, jioni chupa. Kama inatoa uvimbe miguuni, tumboni si itafanya vizuri zaidi? Na mwanangu alikuwa hapati choo. Alianza kupata, nakuapia. Tatizo ni kwamba alilegea. Na ukilegea mwenyewe anasema ni upungufu wa... ile yenu. Jana hospitalini alikuwa amefumbua macho, akanitambua, akaniita. Nikajiambia, hapa ndipo pa kukazia. Nikaongeza kidogo."

"Ulipomwona ameamka, ukaongeza."

"Nisiongeze?"

"Mama." Inspekta alisimama, kigimbi kikamvuta, akakaa tena. "Mama, ile yetu ndiyo hii. Hii chumvi yako ndiyo magnesiamu. Huyu anasaga kidonge na wewe huna habari, wewe unatia kijiko na yeye hana habari. Mnamwona analegea kwa kuzidiwa, mnadhani analegea kwa kukosa, mnaongeza. Akizidi kulegea, mnazidi kuongeza. Na figo zake mbovu hazitoi. Mtu gani angepona katika nyumba yenye upendo wa namna hii?"

Mama mtu alitoa miguu majini, mmoja, kisha wa pili. Akaikausha kwa upindo wa gauni bila kutazama mtu.

"Mimi ndiye niliyemlaza," alisema.

"Manahodha mlikuwa wengi," Inspekta alisema. "Vaeni viatu. Gari la mahakama linakuja alasiri."

Simuni, daktari alizisikiliza habari za kijiko mpaka mwisho. "Huo ndio mto," alisema.

*

Gari la mahakama lilikuwa limeshafika, injini inanguruma, mlango wa nyuma wazi. Msaidizi wa maabara alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye kidato, nywele hazijachanwa, blauzi ileile ya juzi. Askari wawili walimshika mikono ingawa hakuwa anakwenda popote.

"Mshusheni," Inspekta alisema.

"Nani kasema?" Mkuu wa kituo alitokea barazani. "Nimekwambia kwenye simu, niletee kitu cha kushika."

Inspekta akamshikisha. Kopo la kahawa mkono wa kulia, kijiko cha kupakulia mkono wa kushoto. Mkuu akasimama navyo kama mtu aliyeitwa kusaidia harusini. Inspekta akamweleza yote, kuanzia goti mpaka tangawizi, huku Mama Pacha akiitikia kwa kichwa kila penye kweli na mama mkwe wake akiitikia penye kosa lake.

"Na ule ugomvi aliousikia mlinzi?" Mkuu aliuliza.

"Muulize aliye kwenye gari. Mimi juzi sikumaliza kumsikiliza."

Msichana alisema bila kugeuka. "Nilimwambia akapime damu yake. Alikuwa anaangusha vifaa. Akaniambia yeye hajioni mgonjwa."

"Mganga hajigangi," dereva wa gari la mahakama alichangia kutoka usukani.

"Wewe zima injini," Mkuu alifoka. Akageukia kopo. "Sasa nimkamate nani? Waandishi wanakuja jioni. Nitawaambia mshtakiwa ni chai?"

Simu ya Inspekta ikaita. Ilikuwa sajini, na alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Afande! Goti limeruka! Daktari kapigwa teke tena! Na anaongea!"

"Anasemaje?"

"Nimemweleza habari za chai na juisi. Anasema..." Sajini alishusha sauti. "Anasema na yeye alikuwa na kiungulia. Alikuwa anakunywa ile dawa nyeupe ya chupa, iko kwenye mfuko wa koti lake. Nimeisoma hapa, afande. Ukitaka nilitaje hilo neno, nitalitaja."

Inspekta alikaa kwenye kidato cha gari la mahakama. Msichana akasogea kumpisha.

"Na yeye," Inspekta alimwambia Mkuu. "Na yeye mwenyewe alikuwa anakunywa."

Mkuu alilitazama kopo, akakitazama kijiko, akavirudisha kwa Inspekta. "Mfungueni huyo binti," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango kwa nguvu iliyotosha kuangusha kalenda.

Pingu zilifunguliwa. Mama wa Madini akasogea mbele, viatu vimekanyagwa visigino kwa ajili ya uvimbe. Akaanza kuinama, magoti yakakataa, akabaki katikati.

"Mwanangu," alisema. "Nilikusema vibaya kwa kila aliyenisikiliza. Nakuomba."

Msichana alijisugua vifundo vya mikono mahali pingu zilipokuwa.

"Mama, nimelala sakafuni," alisema. "Kaka zangu wamekuja hapa wakanitazama kwenye nondo. Mmoja aliniuliza kama ni kweli. Kesho nitakwenda hospitali kumwona mwanao, mwalimu wangu, na nitampima damu akitaka asitake. Lakini wewe, mama yangu, leo sitaki kukuona."

"Haki yako," mama mtu alisema.

"Na ukipita njia moja na kaka zangu, wasimamishe. Waambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako huo ulionisema."

"Nitakwenda nyumbani kwenu. Sitangoja njia."

Msichana akaitikia kwa kichwa, mara moja, akaondoka getini bila kugeuka. Mama Pacha alimfuata na chupa ya maji ya dukani, akakataliwa, akamfuata hivyo hivyo.

Inspekta aliinuka kutoka kwenye kidato. Kigimbi kikamkamata palepale, kikamkunja, akashika mlango wa gari na kusaga meno. Mama mtu alimtazama mguu kwa muda, kwa huruma ya kweli, macho bado yana machozi.

"Mwanangu," alisema, "huo mguu kukaza hivyo, unajua ni upu..."

"Mama," Inspekta alisema, "usimalizie."